Jiwe la Kugongea Tangi

Baba,

Shikamoo. Nimechoka, Baba. Nakuandikia nikiwa nimekaa chini ya tangi lako, nimeegemea mguu wake wa chuma, pale ulipokuwa ukinywea uji.

Kahawa wameing'oa yote. Tangu tukuzike shamba limegawiwa, sasa ni mahindi na maharage mpaka mlangoni pa mtambo wa kumenyea. Wenzako wengi wa kambi ya wafanyakazi wamerudi Singida. Mkanda wa pampu yako ya kupandishia maji tangini ulikatika, na mwingine haupatikani, si Karatu si Arusha. Maji tunateka korongoni. Ungeyaona mabega yangu!

Mwenyekiti wa kijiji anataka kulikata tangi, vyuma vikatumike kujenga daraja la korongo. Nikamwomba asubiri masika yapite. Mfuniko tuliuacha wazi. Likikinga mvua, bado ni tangi. Nilikuwa nalipigania neno lako la mwisho: "Usiliache tangi langu."

Juzi akaja na mafundi kupata jibu. Nikapanda ngazi na lile jiwe lako jeusi, nikagonga kuanzia juu kushuka chini, kama ulivyonifundisha: maji yakiwemo sauti ni nzito, yasipokuwemo chuma kinalia. Likalia, Baba. Likalia mpaka chini kabisa. Kutu imelitoboa, na maji yote ya mvua yamevuja.

Niliposhuka nikamkuta Mama Paskalina, jirani yetu, amesimama na debe. Nyuma yake wanawake wawili na ndoo zao. Walisikia jiwe. Miaka yote ukigonga asubuhi, kambi inajua maji yamepanda, waje wateke. Mimi nikasahau kabisa.

"Yamepanda, mwanangu?" akaniuliza. Na goti lake lile bovu, alikuja akikimbia.

Nilikukasirikia, Baba, wewe uliyewazoesha hivyo, kisha nikajikasirikia mwenyewe. Nikamgeukia mwenyekiti nikamwambia, "Likateni."

Kesho wanaanza. Nisamehe. Neno lako nimelivunja, na sina nguvu ya kujitetea.

Jiwe nimelichukua, nitaliweka kaburini kwako, lisishikwe tena na mtu wa kuwadanganya watu bila kutaka. Na debe la Mama Paskalina nitambebea mimi, kila asubuhi, saa ileile uliyokuwa ukigonga. Tangi nimeliacha, Baba. Watu wako sitawaacha.

Pumzika.

Binti yako