Sinki la Chuma na Bomba la Plastiki

Mjukuu wangu Neema,

Unisamehe kwa kukaa kimya tangu mavuno. Sote hapa Katandala tu wazima; babu yako amemaliza kupura ulezi.

Unauliza kama fundi akisema haiwezekani, ni lazima ukubali. Bidhaa za nje ziliporuhusiwa, tulinunua mabomba ya plastiki yaliyoingia kupitia mpaka wa Kasesya. Mdomo wa bomba ulikuwa mwembamba kuliko shina la chuma la kutolea maji la sinki letu kuukuu. Fundi, aliyenizidi umri, alifunga mpira wa baiskeli, maji yakavuja.

"Litupe sinki hili, mama. Hili ni la makumbusho."

Bila sinki ningerudi kuoshea vyombo nje kwenye baridi. Nilizoea kuziba ndoo za plastiki zilizotoboka kwa kisu cha moto, basi nikauzungusha mdomo wa bomba juu ya makaa hadi ukalainika, nikauvisha kwenye chuma, nikaumwagia maji baridi. Ukabana. Nilimimina ndoo nzima. Halikudondoka hata tone moja.

Fundi akavua kofia. "Shikamoo, mama!"

"Marahaba," nikajibu, bila kucheka.

Sasa baba yako anataka kuling'oa sinki hilo. Nimemwagiza alete sababu. Tukishaamua, nitakuandikia.

Bibi yako