Gunia Juu ya Injini

Alhamisi, Julai

Na bado mikono inanuka moshi, ingawa nimenawa mara tatu tangu nirudi kutoka kuyatazama mabaki ya gari.

Pikapu ya marehemu mume wangu imeungua leo asubuhi kwenye kona za kushukia Soni, na kabichi zote nyuma. Shemeji Shabani, mdogo wake, ndiye aliyekuwa anaendesha. Ametoka mzima, ila viganja vimeungua alipojaribu kufungua boneti.

Fundi aliyeitwa kulikagua alisema ni shoti ya waya. Akatusema pia: boneti ifunguliwe kila asubuhi kabla ya kuwasha, oili ikivuja ifutwe, mtungi wa kuzimia moto usikosekane. Wote waliokuwa pale wakaitikia. Mimi nilikuwa nikiitazama injini.

Miezi ya baridi, mume wangu alikuwa akifunika injini kwa gunia jioni ili gari lisigome asubuhi. Alfajiri alilitoa mwenyewe kabla hajagusa ufunguo. Jana baridi ilikuwa kali, nikamkumbuka, nikaenda nikaifunika injini kwa lile gunia lake. Nilijisikia kama namfunika yeye. Shemeji sikumwambia. Nilidhani nitawahi kuamka.

Sikuwahi. Nilisikia gari likiondoka, gunia bado liko juu ya injini, nikiwa kitandani.

Nilitaka kusema. Kweli nilitaka, pale pale mbele ya fundi na wote, lakini sikusema.

Jioni hii Shabani amekuja na bendeji mikononi, hawezi hata kushika kikombe cha chai. Akasema, "Shemeji, nisamehe. Gari la kaka nimeliteketeza mimi, sikukagua waya."

Nikamwambia nimemsamehe.