Swichi Haikupelekewa Msiba

Kosmasi, mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua, nilikuwepo unafukiwa, na udongo wa huku juu unavyonata, kwenye kucha zangu haujatoka wote mpaka leo. Mimi mzima. Goti ndilo linasumbua, na wa kulaumiwa ni wewe, utaona kwa nini.

Usicheke mwandiko. Herufi nilizipata kwenye elimu ya watu wazima, kwa mwalimu mdogo kuliko mama yako, Mungu amrehemu, na wanaume wote wa darasa lile niliwashinda. Wakisema bibi anaandika kama anapalilia, nawaambia njooni mpalilie ninyi.

Nimekukasirikia. Mtu umetoka kazini umechoka, una chumba chako Kihonda, unaenda kuvuka barabara ya malori gizani ili upande mlima uje kula kisamvu. Kisamvu kingekungoja! Kilikungoja. Nilikimwaga kwa kuku, na kuku wakakiacha.

Haya. Ninayokuandikia ni habari ya simu yako.

Waliniletea ile simu ya mkononi haina hata mkwaruzo. Wewe lori limekuvunja, yenyewe inang'aa. Nikaitia ndani ya begi lako, katikati ya mashati. Watu walipoanza kutawanyika msibani, mchana kweupe, nikaona mashati yanatetemeka. Nilikaa chini pale pale. Nikasema, huyo, amekuja kuchukua nguo zake. Mkeo Mwajuma akafungua begi, akasoma ile meseji ya Kizungu, akaniambia, "Si mtu, Bibi. Ni swichi ya kazini. Inamwita Kosmasi."

Swichi naijua. Nani mwingine huku mlimani anaijua kama mimi? Ulikuwa unakaa barazani hapo, mimi nachambua maharage, unaniambia kiwanda kilipouzwa, wenye mali wapya walileta kompyuta, na kumbukumbu zote za kiwanda zikawekwa kwenye maghala yake, na katikati ya kompyuta na maghala kuna hilo dude lenye matundu, waya za kioo zinaingia na kutoka. Kila kompyuta inapitia humo kwenda kwenye ghala lake, si la mwenzake. Nikakuambia huo ni mfereji wetu tu, wenye zamu za maji. Ukasema, "Ndiyo hivyo hivyo, mke wangu, ila hapa hakuna wa kuiba maji."

Siku nyingine ulikuja umenuna. Swichi inakaribia kujaa. Nikakuuliza matundu yameisha? Ukasema matundu yapo wazi. Sasa imejaaje, wewe mtoto? Ukanieleza kwamba swichi ina kichwa. Inakumbuka mapatano, nani aruhusiwe kuongea na nani, na mapatano yana mwisho wake. Yakipita hapo haipokei hata moja zaidi, tundu liwe wazi lisiwe wazi. Na ukiziunganisha swichi mbili, zote zinafuata yenye kichwa kidogo. Nilicheka mpaka maharage yakamwagika. Nikasema ni ukoo wetu huo, mjomba wako yule mmoja anatuchelewesha wote.

Ukaniambia na jingine, ambalo nililisikia nikalitupa. Kwamba swichi za watengenezaji wawili tofauti hazikai pamoja hivi hivi. Kila moja ina ujuzi wake wa kwao. Ukitaka zisikilizane, lazima uzime huku ujuzi fulani na kule ujuzi fulani, zibaki na yale zinayoyajua zote. "Hakuna inayoshinda, Bibi. Kila moja inapungua kidogo." Nikasema huo ni ujinga, mwenye nyumba ndiye anafuatwa. Ulimtazama Mwajuma, naye alikuwa anaosha vyombo. Unadhani sikuona?

Basi simu iliendelea. Niliishusha kwa mwenye duka kuichajisha kwenye betri la gari, kila inapolegea. Mwajuma alisema, "Iacheni izime, Bibi, au wapelekeeni wenyewe kazini." Nikamfokea. Nikamwambia wakiondoa jina la mume wangu humo nitabaki na nini, msalaba wa mti? Maana hapa nyumbani watu walikwisha kuacha kukuita. Wanasema marehemu. Marehemu alikuwa hivi, marehemu alipenda vile. Kitu kimoja tu duniani kilikuwa bado kinakuita Kosmasi, na mimi nilikiweka kifuani ndani ya kanga. Kikitetemeka, moyo wangu nao unaruka. Siku moja nipo bustanini kwenye kabichi, ukungu umeshuka, kikatetemeka, nami nikaitika. Niliitika abee, Kosmasi, nikageuka nyuma. Hakuna mtu. Ukungu tu unatembea kati ya matuta kama unatafuta njia. Nikaikaripia ile simu kwa sauti, "Amekufa! Unasikia wewe? Amekufa!" Jirani alinipita akafanya ishara ya msalaba.

Na Mwajuma nilimtesa, acha niseme, ila sijutii yote. Kwetu mjane ananyolewa siku ya kumaliza matanga, anatoka, anaonekana. Yeye akaingia chumbani akafunga eda. Ndugu zake wa Turiani walimwambia mume Mkristo hana eda, yeye akawajibu mume ni mume. Hapo nilimsifu, kimoyomoyo. Lakini wembe niliuweka mezani, na kila asubuhi niliusogeza upande wake. Hakuugusa. Nilimtajia na siku ya misa yako, hakwenda. Tukawa tunaishi nyumba moja kama swichi zako, taa zinawaka, hakuna kinachopita.

Mpaka meseji ikabadilika. Mwajuma aliisoma mara mbili, akasema, "Bibi, inasema imejaa kabisa. Nayo haiwaambii wengine. Kosmasi aliipa namba yake peke yake."

Ndipo nikaona aibu yetu. Wewe ulipokufa tulituma watu kila mahali. Shangazi yako wa Kingolwira alipelekewa habari, watani walipelekewa, paroko alipelekewa, hata yule mjomba tusiyeongea naye alipelekewa, kwa sababu asiyepelekewa msiba ana haki ya kununa mpaka kaburini. Na hiki kitu ulichokilea kuliko ulivyomlea mkeo hakikuambiwa. Kilikuwa kinakuita tu, huitiki, na hakijui kwa nini. Ningekuwa mimi ningeudhika.

Mwajuma yuko eda, hawezi kutoka. Nikashuka mwenyewe kiwandani, na hilo goti. Nilivaa nguo za kanisani. Getini mlinzi akaniuliza namtafuta nani, nikasema nimeleta msiba. Akasema, "Pole bibi, kwa nani?" Nikasema kwa swichi. Alinitazama kama nimelewa, lakini jina lako nilipolitaja alivua kofia.

Kiti chako amekaa binti mmoja anaitwa Neema, mdogo, ana shikamoo nzuri. Nilimpa simu. Aliposoma zile meseji aliweka mkono mdomoni. Kumbe kesho yake walikuwa waunganishe swichi mpya za wenye mali na hii yako. Akasema, "Bibi, zingegombana, na kiwanda kizima kingesimama. Tusingejua hata tuanzie wapi." Nikamwambia nipeleke ilipo.

Kosmasi, hukuniambia kuna baridi vile. Nje Kihonda inaungua, mle ndani ni kilele cha Bondwa kimefungiwa chumbani. Na kelele, kama upepo usiopumzika. Na vitaa vya kijani vinakonyeza gizani, vingi, vinakonyeza. Nywele zilinisimama. Hapo nilijua ulikuwa wapi siku zote hizi, wakati mimi nakutafuta kwenye kabichi. Na ukutani, kwenye msumari, sweta lako. Lile la kahawia nililokununulia mitumbani, wenzako wakakucheka unabeba sweta kwenye joto la mjini. Bado lina umbo la mabega yako.

Sikulia. Nilivua ndala, nikasimama mbele ya swichi kama tunavyosimama mlangoni kwa watu, nikasema. Nikasema hodi. Nikasema mimi ni bibi yake Kosmasi, tumechelewa kukuletea habari, tusamehe. Kosmasi hayupo. Hajakukataa, hajakusahau, hayupo. Kuanzia leo ukiwa na shida mwite huyu, anaitwa Neema. Neema alikuwa analia, na wala hakukujua. Akanirudishia simu, akakaa kwenye kompyuta, akaondoa namba yako. Simu ikatetemeka mkononi mwangu, mara ya mwisho. Akanisomea, "Inasema mabadiliko yamepokewa, Bibi."

Imepokea msiba.

Binti alikuwa anatetemeka, amevaa kiblauzi chepesi. Nilitoa sweta kwenye msumari. Nililishika muda, sitakuficha. Kisha nikamvalisha, na mikono yake ikapotea ndani ya mikono yako.

Nilirudi nyumbani nikaondoa wembe mezani. Nikamwambia Mwajuma, kaa eda yako mpaka iishe, mke mwenzangu, nywele ni zako. Jioni alitoka mpaka ukumbini, akakaa karibu yangu wakati nasali rozari. Hakusali. Alikaa. Mimi nimepungua kidogo, na yeye amepungua kidogo, na sasa kuna kinachopita.

Simu imezima, nimeiacha izime. Kifuani pametulia mno, mume wangu. Bado mkono unakwenda hapo wenyewe.

Lala sasa. Nakuahidi haya: Mwajuma akimaliza eda akataka Turiani, nitamsindikiza mimi na goti langu, akitaka kubaki, chumba ni chake na hakuna wa kumwinulia sauti, hata mimi. Na sitakuita tena bustanini. Ukisikia kimya kutoka huku, usirudi kuangalia kuna nini. Habari zimefika kote.

Ni mimi mkeo mkubwa,
Bibi