Kwa Aliyelisafisha Shamba

Baba Zuhura,

Sikuulizi hali. Juzi ulimpigia mwanao simu kutoka Ruhembe ukamwambia, "Mwambie mama yako Jumatano nakuja kumsaidia kuandaa shamba, wageni wasije wakatucheka." Naandika barua ya wazi, waisome na hao unaokata nao miwa, maana huko umewaambia kwamba wafadhili walituonea. Walituonea nini? Sema ulichofanya wewe.

Unakumbuka tulivyoanza? Mradi ulitaka misimu mitatu bila kuchoma shamba, mabua yabaki chini yafunike udongo, ndipo kikundi chetu cha wanawake kipewe pampu ya kumwagilia. Wakachagua shamba langu, nililoachiwa na mama, liwe shamba darasa. Tindiga nzima ilinicheka. Kwetu mkulima hodari ni yule ambaye shamba lake limechomwa likafagiliwa, hata kuku akipita unamwona. Wewe ukawa unazunguka njia ya nyuma ukienda msikitini, eti unaona haya. "Shamba chafu hili, Mama Zuhura. Watu watasema hatuna jembe."

Nilikupenda hivyo hivyo. Msimu wa pili jua likawaka, mahindi ya jirani yakajikunja, nawe ukapiga magoti ukaingiza mkono chini ya mabua, ukaniita kwa sauti: "Njoo ushike! Huku chini kuna ubaridi!" Tukashikana mikono humo humo udongoni, tukacheka kama watoto. Kwa hiyo ulijua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba ulijua.

Msimu wa tatu, zimebaki siku mbili wageni waje kukagua, nikaenda Mabwerebwere kumzika shangazi. Narudi, niko bado juu ya bodaboda, nikanusa moshi. Nikakukuta umesimama katikati ya majivu na shati lako la Idi, meno yote nje.

"Wageni wanakuja, mke wangu. Nikaona nipasafishe."

Ukapasafisha! Yule binti wa mradi aliinama, akachota majivu kiganjani, akasema, "Pole sana mama. Itabidi tuanze kuhesabu misimu upya." Hata kunilaumu hakunilaumu. Walionilaumu ni wenzangu wa kikundi, na ni haki yao. Wengine mpaka leo wananisalimia kwa kidevu. Nawe badala ya kufungua mdomo useme "mimi ndiye niliyewasha", ukafunga begi ukakimbilia kwenye miwa. Mwanamume mzima! Maswali yote nikabaki kuyajibu mimi.

Basi nimehesabu upya. Misimu mitatu mingine, mimi na Zuhura tu. Tumefukuza ng'ombe wa watu wasile mabua mpaka sauti zimetukauka. Alhamisi wageni wanakuja. Leo asubuhi nimeingiza mkono pale pale ulipoingiza wako, ubaridi upo, na Mungu anisamehe, nilikukumbuka, nikalia kidogo. Usije ukavimba kichwa kwa hilo. Nilipomaliza kulia, hasira ilikuwa palepale.

Jumatano usije. Alhamisi ndiyo usithubutu kabisa. Nimeshawaambia wanawake wa kikundi wakikuona njiani wakupekue mifuko, na atakayekukuta na kiberiti anajua la kufanya. Ukitaka kuja, subiri pampu ifungwe, maji yatoke, kisha uje mchana watu wakiwa wamejaa, uwaambie kwa mdomo wako nani aliwasha moto. Ukishasema, nikiwa na moyo nitakupa kiti. Nisipokuwa nao, utarudi Ruhembe na gari la jioni.

Na ukija, usilete ufagio.

Mkeo, kama bado unalikumbuka jina hilo,
Mama Zuhura, mwenye shamba chafu