Mbwa Anayefuata Ndoo za Chepkorir

Rono, wewe mtoro,

Katika Ndabibi hii yote, mimi ndiye niliyeona kwanza kwamba mguu wako unaharibika. Nimewaambia watu hivyo tangu tukuzike, na wengine wameniamini kwa sababu ya mvi. Lakini wewe siwezi kukudanganya, ulaghai tulifundishana. Aliyeona kwanza ni Bobi, mbwa wa mzungu mwenye shamba.

Unakumbuka? Ulikuwa ukitoka kukamua na ndoo zako mbili, huyo mbwa akaanza kukufuata kila asubuhi, analamba majani upande wako wa kushoto tu. Nikakuita bibi harusi, maana umepata wa kukushikia nguo nyuma. Ukasema, "Wivu tu huo, mzee. Wewe hata kupe hawakufuati." Tukacheka kama wajinga. Hakuna aliyeuliza kwa nini maziwa yanamwagika upande mmoja. Baadaye vidole vya mguu vikaanza kuburuta kwenye umande. Halafu fimbo. Halafu mgongo wangu, nikikubeba. Daktari wa Nakuru akasema ni mishipa ya fahamu, imechunika kama waya uliotafunwa na panya, na dawa hana. Hata tungejua mapema, tungejua tu.

Sasa sikia, na usinikatize kama kawaida yako. Binti yako Chepkorir ndiye anabeba zile ndoo. Anatembea vizuri, tena anaringa, mwendo wa mama yake. Juzi nimekaa kwenye ukuta wa josho la ng'ombe naota jua, nikamwona Bobi, siku hizi ni mzee wa jicho moja, ameinuka. Akamfuata. Akalamba majani.

Kushoto, Rono.

Nikamwambia msichana, "Usijaze ndoo sana." Akanijibu, "Mzee, mikono inayotetemeka ni yako, si yangu." Huyo ni wako kweli. Nikacheka na yeye. Sijamwambia. Nimwambie nini, na nimpe nini baada ya kumwambia?

Nitatembea upande wake wa kushoto, hiyo nakuahidi, mpaka miguu yangu ikatae. Mgongo usiuulize, uliumaliza wewe.

Haya, lala. Lakini siku ile nakuvusha mto, umening'ang'ania shingoni kama tumbili, ulisema, "Nitakulipa, hata kama ni huko." Basi nilipe leo. Ule mluzi wako, ambao Bobi hajawahi kuukaidi, upige mara moja tu, amwache msichana.

Mwite mbwa wako.