Mistari Tisa Iliyorukwa Katika Wasifu wa Beata

Ni mwaka mzima sasa, Beata mwanangu, tangu watu wakubebe wewe uliyezoea kubeba wengine.

Ninayeandika ni mama mkwe wako, Mwalimu Kunegunda wa Msamala, Songea. Najua matangazo ya kumbukumbu ya gazetini namna hii huandikwa kwa upole, na wewe upole wote unakustahili. Lakini nyumbani kwetu yupo mtu aliyekudhulumu siku ya mazishi yako, na mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mmoja. Kosa nikiliona siwezi kufunga daftari nikaondoka. Utanisamehe basi, leo nitakulilia na kumgombeza mtu humo humo.

Tunakukumbuka ulivyokuwa unacheka huku umeziba mdomo kwa kanga. Ulikuwa unapiga goti kunipa shikamoo, halafu unainuka na kubeba pipa la maji ambalo wanaume wawili walikuwa wanalibingirisha. Mayai ulikuwa unakula manne kwa mpigo, na maganda unayafukia kwenye shina la mgomba wangu. Mgomba ule umezaa mkungu mkubwa mwaka huu, na Aidani mumeo hataki mtu aukate.

Ulipojifungua mapacha wetu, Leo na Ekaristia, kwa kupasuliwa, mimi ndiye niliyekutunza uzazi. Uji wa ulezi wenye karanga, togwa, supu ya kuku wa kienyeji, hukupumzika kutafuna. Ukanenepa, nami nikawa natembea kifua mbele, maana hapa kwetu mkamwana akinenepa sifa ni za mama mkwe. Kwa hiyo ulipoanza kupungua nilikasirika hasa. Jirani yetu Tabu aliniuliza bombani, mbele ya watu, kama siku hizi mwalimu anawapimia watu ugali kwa kijiko. Nikarudi nyumbani nikakusema maneno ambayo leo sitaki kuyaandika, nikakuwekea ugali wa kushibisha wavuna tumbaku. Ulikula nusu. Ukaniambia taratibu kwamba unapunguza mwili kwa makusudi, maana mgongo unakuuma, na kwamba ukipanda kutoka bombani na mtoto mmoja tu mgongoni unahema, na watoto Mungu amekupa wawili.

Sikukuelewa, nasema ukweli. Ulipoanza kwenda uani kwa Pankrasi, fundi wa kuchomelea, kunyanyua vyuma alivyovitengeneza kwa makopo ya rangi yaliyojazwa zege, nilikuona umerukwa na akili. Asubuhi unakimbia hadi chini ya milima ya Matogoro, unarudi unanyonyesha, unafua, unapika. Nilikuwa nahesabu siku nikisema atachoka tu huyu. Hukuchoka.

Kisha ikaja masika ile niliyoteleza kibarazani nikavunjika nyonga. Kajetani, mwanangu wa kwanza, shemeji yako, alikuwepo. Alisimama mlangoni akipiga simu kutafuta gari, na kila gari aliloambiwa liko tayari lilikwama kwenye tope kabla ya kufika kwetu. Wewe hukupiga simu. Uliniinua mikononi ukaniteremsha hadi barabara ya lami, mimi mtu mzima wa kilo sitini, na njiani ulikuwa unaniuliza kama nimekula. Siku hiyo ndipo nilipojua makopo ya Pankrasi yalikuwa na kazi gani.

Nikatoka hospitali, ukanigeuza mwanafunzi. Kila asubuhi unanisimamisha kando ya kitanda, inuka, kaa, inuka, kaa, mara kumi. Nikifika mara ya saba nasema kumi. Mwalimu mzima nadanganya hesabu! Nawe bila kunibishia unaendelea, "Nane, Mama." Leo natembea kwa fimbo moja, na kanisani naenda mwenyewe.

Ndiyo maana ulipokwenda Njombe kwenye mashindano ya utimamu wa mwili ya akina mama nilipanda basi na wewe. Nilikaa mstari wa mbele nimeshika fimbo. Mlikimbia, mkabeba magunia, mkapiga pushapu, mwisho mkapanda jukwaani mmevaa yale mavazi mafupi yenu ili waamuzi waone misuli. Kovu la upasuaji likaonekana. Mtangazaji, kijana asiye na adabu, akauliza kwenye kipaza sauti kwa nini hukutafuta nguo ya kulifunika. Ukaichukua maiki mkononi mwake ukamjibu, "Huo ni mlango waliopitia wanangu. Mlango wa nyumba yangu siufichi." Ukumbi mzima ulisimama. Nami nilisimama, kwa nyonga hii hii, nikapiga vigelegele mpaka nikakohoa. Ulikuwa wa pili, na ile medali uliniachia mimi niishike njia nzima mpaka Songea.

Sasa niseme habari za Kajetani.

Yeye ndiye aliyekuwa msemaji wa familia yetu. Harusi ni yeye, msiba ni yeye, kipaza sauti kikiwashwa tu utamwona anarekebisha koti. Picha zako za Njombe zilipofika kwenye simu za watu, alikuja kuniambia kwamba mke wa mdogo wake amewaonyesha watu tumbo, na kwamba jina la ukoo linachafuka. Lakini pikapu yake ilipozama kwenye tope njia ya Namtumbo, alimpigia nani simu? Alikupigia wewe. Ukaenda, ukasukuma, ukarudi umelowa matope mpaka kwenye nyusi, ukacheka umeziba mdomo.

Jumamosi ile ya mwaka jana ilikuwa ni siku moja kabla ya kipaimara cha Yasinta, binti wa Kajetani. Wageni walikuwa wengi, mahindi ya ugali yakapelekwa mashine kwa Mzee Iddi. Ukajitolea kwenda kuchukua unga kwa sababu ndoo zilikuwa mbili kubwa na wengine walilalamika uzito. Ukachukua ya kwanza kichwani, ya pili ukamwambia Mzee Iddi utaifuata. Lori la makaa ya mawe likakukuta pembeni mwa barabara. Ndoo ya pili haikufuatwa na mtu.

Wasifu wako niliuandika mimi, kwa mkono wangu, nikilia. Aidani alikuwa hawezi hata kujibu salamu. Nikampa Kajetani karatasi ausome, kwa kuwa ndiyo ilikuwa kazi yake. Mimi nilikuwa ndani, nimekaa mkekani na wanawake, nasikia kwa spika tu. Akasoma ulipozaliwa, shule uliyosoma, ndoa yako na Aidani, watoto. Kisha nikasikia anaruka. Mistari tisa, Beata. Akatoka kwenye watoto moja kwa moja mpaka ajali, na pale akaongeza lake ambalo mimi sikuliandika: kwamba marehemu alifikwa na mauti akiwa katika hizo mbio zake. Watu wakaguna. Mpaka leo wapo wanaosema hapa mtaani kwamba vyuma vilikuua, na akina mama uliokuwa unawafundisha mazoezi wakakatazwa na watu wa kwao.

Nami nilinyamaza. Hilo ndilo linaloniunguza. Nilijaribu kuinuka, nyonga ikakataa, na nilipopata wa kunishika mkono tayari walikuwa wanaimba. Niliyefunzwa na wewe kuinuka mara kumi, siku yako sikuweza kuinuka mara moja.

Siku ya tatu Mzee Iddi alikuja kuhani, ameshika ndoo ya pili. Yeye huandika jina la mwenye unga kwa chaki juu ya mfuniko ili mizigo isichanganyike. Alinionyesha mfuniko, akasema yeye ndiye aliyekutwisha ndoo ya kwanza, na kwamba ulikuwa umevaa gauni la kitenge na kandambili. Kwenye mfuniko imeandikwa BABA YASINTA. Njia ya mwongo ni fupi, hii ilikuwa fupi kama kutoka mashine mpaka kwangu. Mfuniko ule sijaufuta. Nimeutundika ukutani sebuleni, chini ya medali yako, na kila anayeingia namsomea.

Hii hapa mistari tisa. Nimeinakili bila kugusa hata nukta:

"Marehemu alianza mazoezi miezi saba baada ya kujifungua mapacha. Alianza kwa kutembea, akakimbia, kisha akanyanyua vyuma. Aliingia mashindano ya utimamu wa mwili hapa Songea akawa wa kwanza kati ya akina mama kumi na mmoja. Njombe alikuwa wa pili. Alikuwa anajiandaa kwenda Mbeya. Aliwafundisha mazoezi akina mama ishirini wa Msamala, Wakristo kwa Waislamu, wanene kwa wembamba. Alimsimamisha mama mkwe wake aliyevunjika nyonga. Mwili wake aliujenga mwenyewe na aliuonea fahari. Mumewe pia aliuonea fahari."

Haya, nani alikufa kwa kuyasikia?

Wiki tatu zilizopita Kajetani alikuja na karatasi ya tangazo hili, ameshaliandika yeye. Jina lake liko mstari wa kwanza, "Kajetani, shemeji na msemaji wa familia." Nikamwambia vizuri, nitalipeleka, lakini kwanza asimame hapo sebuleni, mbele ya mdogo wake, asome mistari tisa. Akavaa miwani. Akasoma miwili. Akakunja karatasi akasema, "Mama, niliiruka kwa heshima ya marehemu. Watu wangesema nini?" Aidani, ambaye mwaka mzima hajapandisha sauti, alimwambia, "Wangesema mke wangu alikuwa nani." Kajetani akatoka. Nasikia anawaambia watu kwamba ni hasira za wazee, zitapoa. Mimi ni Mngoni na ni mwalimu, azisubiri hapo hapo.

Uamuzi wangu ni huu, na wote wausome. Kuanzia leo Kajetani si msemaji wa familia hii, katika msiba wala harusi. Wasifu wangu mwenyewe nimeshauandika, umekaa kwa Aidani, na siku yangu ikifika Kajetani asiuguse. Mtenda akitendewa huona kaonewa. Aone.

Jumamosi hii, baada ya misa, tutasimika msalaba kaburini kwako, na picha itakayokaa juu yake ni ile ya Njombe, kovu likionekana. Wasifu wako utasomwa wote. Atakayeusoma ni Yasinta, binti wa Kajetani. Sikumtuma mtu kumwita. Alikuja mwenyewe, akausoma ule mfuniko, akauliza, "Bibi, unga ulikuwa wa sherehe yangu?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Basi nisome mimi." Tangu Pasaka anakimbia asubuhi kuelekea Matogoro amevaa viatu vyako. Vimemkaa. Baba yake humwona kila siku akipita mbele ya geti.

Wanaokukumbuka ni mumeo Aidani, wanao Leo na Ekaristia, ambao sasa wanapiga pushapu za kulala chini, baba yako Mzee Emiliani na ndugu zako wote wa Namtumbo, Pankrasi na akina mama ishirini wa uani kwake, ambao wamerudi wote na kuongezeka sita, jirani yetu Tabu, ambaye ni mmoja wa hao sita, Mzee Iddi wa mashine, Yasinta, na mimi mama mkwe wako, Kunegunda.

Anayetufahamu atahesabu wanangu na kuona mmoja hayumo. Hakusahauliwa. Jina lake lilikuwepo kwenye karatasi, mstari wa kwanza. Nikalifikia, nikaliruka.

Wewe, Beata, hatutakuruka tena. Kamwe.