Kabati la Mninga

Bombambili,
Songea.
18 Septemba 1993

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Kifua kinaendeleaje? Natumaini kile kikohozi cha asubuhi kimekuacha, na kwamba sweta unalivaa, hujalifungia sandukuni lisubiri Krismasi. Sisi huku hatujambo. Wajukuu wanakuamkia, na mjomba Osmund anakusalimu. Goti bado linamsumbua, lakini mdomo mzima kabisa.

Barua yako nimeipata kwa dereva wa lori la tumbaku. Nimefurahi kwamba lile kabati la vyombo umelipenda, na kwamba majirani wa hapo Lusewa wanakuja kulishikashika. Ila nilipofika pale uliposema nimwambie kaka Leonce asije Jumamosi, kwamba aliyeliacha kanisa ameiacha na nyumba yako, niliiweka barua chini, nikachukua kalamu. Anakuja na mkewe Mwanaisha na mtoto wao ambaye hujawahi kumwona. Kabla hujawafungia mlango, naomba nikueleze jambo tulilokuficha tangu ulipolazwa. Kaa chini kwanza.

Unakumbuka kitanda chako cha mwanzo wodini, kile cha dirishani. Baridi ilipozidi wauguzi walikuhamishia chumba cha pili, na pale pako wakamlaza mama mmoja aliyeletwa kutoka Nalasi. Kulipopambazuka yule mama alikuwa ameshafariki, Mungu amrehemu. Mimi nikaja na uji, nikakuta godoro limekunjwa, na mwanamke aliyekuwa anafagia akanipa pole, akasema mgonjwa wa dirishani hatunaye tena. Uji ukamwagika wote.

Mjomba na kaka wakaja mbio. Kwenye chumba cha maiti mhudumu akatuambia utaratibu ni jeneza kwanza, mwili baadaye. Hakuna kuonyeshwa maiti mpaka jeneza lifike mlangoni, tena litoke dukani kwa Bwana Eusebi, ng'ambo ya barabara. Mjomba akasema tutachonga wenyewe nyumbani. Akajibiwa kwamba la kuchonga nyumbani halipokelewi. Tunaambiwa siku hizi biashara ni huria, lakini pale aliyekuwa huru ni Bwana Eusebi peke yake. Tulikuwa tunalia, Mama, nani angebishana? Tukanunua. La mninga, lenye msalaba uliochongwa kwenye kifuniko, maana nilisema mama yangu hazikwi kwenye mbao za makasha ya sabuni.

Ndiyo, Mama. Lilikuwa lako.

Leonce aliomba jambo moja tu, alibebe yeye. Mjomba akamkatalia, akamwambia hata salamu zake ulikuwa huzitaki.  Kaka alitufuata nyuma akilia kama mtoto.

Basi mlango ukafunguliwa, shuka likafunuliwa, na hukuwa wewe. Nilipiga kigelegele humo humo ndani, Mungu anisamehe, na mbele yangu amelala mama wa watu. Mpaka leo naona haya.

Wenye msiba wao walikuwa nje, mwanawe Hamisi pamoja na shangazi yake. Nao walikuwa wameambiwa wakanunue jeneza, ilhali ni Waislamu na marehemu alihitaji sanda tu. Sisi tulitimua mbio kukutafuta wodini. Aliyebaki nao ni Leonce. Alimwita Sista Walburga, yule muuguzi mkuu, naye akaja amekunja uso. Alisema mbele ya watu wote kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mfiwa kununua jeneza kwa fulani. Kwanza auone mwili, ahakikishe ni wa mtu wake, kisha amsitiri kwa jeneza la popote, au kwa sanda, kadiri ya imani yake na uwezo wake. Tangazo la maneno hayo alilibandika mlangoni, na lipo mpaka leo. Kaka aliwasaidia akina Hamisi kuchimba kaburi, wakazika jioni ile ile hapa mjini. Wewe ukalalamika kwamba alikuja kukuona na udongo miguuni, akakushika miguu akalia, nawe ukageukia ukutani. Ule ulikuwa udongo wa kaburi la marehemu ambaye asubuhi aliamini kwamba ni wewe.

Kesho yake alijitwisha lile jeneza peke yake kulirudisha dukani. Watu njiani walivua kofia na kumpa pole, naye aliwajibu huku anacheka na machozi yanamtoka kwamba mama yake ni mzima. Wakadhani amechanganyikiwa. Bwana Eusebi akasema mali ikishauzwa hairudishwi. Hapo ndipo mwanao Leticia alipokalia kifuniko mbele ya duka na kumsimulia kila mteja mambo yalivyokuwa. Eusebi mwenyewe ndiye aliyemwita afisa biashara aje kuniondoa. Afisa akauliza kama tulionyeshwa mwili kabla ya kuuziwa, na aliposikia jibu akamwamuru aturudishie fedha zetu zote. Alirudisha. Ila jeneza akatusihi tuondoke nalo, kwa sababu Songea nzima ilishajua ni la mtu aliye hai, nani angelinunua?

Sasa, Mama, kabati sikulinunua mimi. Nilikudanganya, kwa sababu ungesikia ni la Leonce ungelirudisha kwa lori lile lile. Amelitengeneza yeye kwa mikono yake, na mbao ni zile zile. Vikombe vyako vinalala ndani ya jeneza lako.

Najua utaruka, halafu utacheka, maana nakujua. Ukishacheka, toa sahani za rafu ya chini uangalie ubao wa nyuma. Utaona ule msalaba. Wenzake wa karakana walimshangaa, Mwislamu anaacha msalaba kwenye kazi yake, wakampa randa aufute. Aliwajibu kwamba mbao si zake, ni za mama yake, na mama yake anaupenda.

Wasalimie wote hapo nyumbani, pamoja na dada Skolastika. Jumamosi watafika kwa basi la mchana. Ukiona kabati linakutisha, lichome moto, sitakulaumu. Ila vikombe vitoe kwanza, Mama, maana wageni wako ni watatu.

Ni mimi mwanao akupendaye,
Leticia